DAWA YA BIBI: KRIMU YA ESTROJENI, KARATASI YA KIINGEREZA NA HOFU YA SARATANI

Hapa kwetu Mbinga ubaridi bado upo na umeme leo umetulia. Mada ya leo najua kuna watu wataangalia pembeni kama jirani wa kompyuta ya pili anachungulia. Mwache achungulie, naye ana mama.

Stori yenyewe ilianza hivi. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 58. Mnajua bibi na mjukuu wana utani wao, kwangu mimi anaita "mume wangu" na anaweza kuniambia mambo ambayo mama yangu hawezi kuyatamka mbele yangu. Siku moja akanipa kiboksi cha dawa kutoka hospitali moja (siitaji) akasema, "Mume wangu, wewe si ulimaliza fomu foo, hebu nisomee hii karatasi, mimi nimeambiwa tu nipake usiku." Ndani kulikuwa na tyubu ya krimu, kifaa cha plastiki kama bomba la sindano lisilo na sindano, na karatasi ndefu ya Kiingereza iliyokunjwa mara kumi na mbili.

Nikaanza kusoma. Saratani ya kizazi. Saratani ya matiti. Kiharusi. Kusahausahau uzeeni. Bibi aliniangalia usoni tu, akajua. Akachukua tyubu akaitupa juu ya kabati, akasema wamempa sumu. Na mimi, kwa elimu yangu ya fomu foo, nikakubaliana naye! Ndiyo maana nikaja hapa kafe kutafuta, nikakaa masaa matatu, na siku nyingine nikamuuliza daktari. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, NI NINI KINATOKEA?

Mwanamke anafikia ukomo wa hedhi pale anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine. Wengi wanafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Mayai yanapokwisha, mwili unapunguza sana kutengeneza homoni inayoitwa estrojeni. Homoni hii ndiyo inayofanya ngozi ya uke na njia ya mkojo iwe nene, laini na yenye majimaji. Ikipungua, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, inawaka, inawasha, tendo la ndoa linauma, mkojo unambana mama kila saa, na UTI zinarudirudi.

Wengi tumesikia habari ya joto kali la ghafla na kutoka jasho usiku. Lile kwa wengi linapungua lenyewe baada ya miaka kadhaa. Huu ukavu hautabiriki hivyo, kwa kawaida haupungui wenyewe, unaendelea na mara nyingi unazidi. Sasa angalia kinachotokea majumbani. Mama anaanza kulala chumba cha watoto, baba anadhani amechokwa, au anaambiwa na wenzake kilabuni kwamba mke ana mwanaume mwingine. Mama mwenyewe anadhani amerogwa. Kumbe ni homoni tu.

Bibi yangu kwa miaka miwili alikuwa ananunua antibayotiki kila mkojo ukichoma, bila kupima. Hakuna aliyemuuliza kama bado anapata hedhi.

KRIMU INAFANYA NINI

Estrojeni ya ukeni inarudisha ile homoni palepale ilipopungua. Ziko za krimu, za vidonge vidogo vya kuweka ukeni, na kuna pete laini inayokaa ndani siku 90. Inarudisha unene wa ngozi, inapunguza maumivu, na kwa wanawake waliokoma hedhi inapunguza UTI za kujirudia. Haifanyi kazi kwa siku moja. Wengine wanaona nafuu baada ya wiki chache, wengine mpaka wiki 12. Na ukiacha, dalili zinaweza kurudi.

SASA ILE HOFU YA SARATANI IMETOKA WAPI?

Mwaka 2002 huko Marekani utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya wakati. Wanawake zaidi ya 16,000 wa miaka 50 mpaka 79 walikuwa wamegawanywa, wengine wanameza vidonge vya estrojeni vilivyochanganywa na homoni nyingine, wengine vidonge bandia. Waliomeza homoni walionekana kupata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Dunia nzima ikashtuka, na onyo kali likabandikwa kwenye dawa zote za estrojeni, mpaka zile za kupaka ukeni ambazo utafiti ule haukuzijaribu kabisa.

Tofauti iko kwenye kipimo. Chukua kidonge cha ukeni cha mikrogramu 10. Mama anaweka kila usiku wiki 2 za mwanzo, hivyo ni vidonge 14, halafu mara 2 kwa wiki kwa wiki 50 zilizobaki, vidonge 100. Jumla 114, yaani mikrogramu 1,140 kwa mwaka mzima. Kidonge kimoja tu cha kumeza cha miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Kwa hiyo dawa ya mwaka mzima ya ukeni inakaribia kidonge cha siku moja cha kumeza! Na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 45,000 ndani ya mradi uleule wa Marekani, na waliotumia estrojeni ya ukeni hawakuonekana kupata zaidi saratani ya matiti, saratani ya kizazi wala kiharusi kuliko wasiotumia. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatangaza kuanza kuliondoa lile onyo kali. Ila karatasi zilizochapwa zamani bado ziko ndani ya maboksi, ndiyo hizo tunazosomewa na wajukuu.

JINSI YA KUTUMIA BILA KUHARIBU

1. Fuata kipimo ulichoandikiwa. Kawaida ni kila siku kwa wiki 2 hivi za mwanzo, kisha mara 2 kwa wiki. Dawa hazifanani, usichukue kipimo cha jirani.

2. Tumia usiku ukiwa umelala chali ili isitoke. Nawa mikono. Kile kifaa kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, usikichemshe, na kisitumiwe na watu wawili.

3. Ukisahau usiongeze mara mbili kesho yake.

4. Siyo mafuta ya kulainisha kabla ya tendo. Mume naye anaweza kunyonya homoni kupitia ngozi. Kwa kulainisha kuna jeli za maji zinauzwa famasi, hazina homoni.

5. Baadhi ya krimu zina mafuta yanayodhoofisha kondomu, na Vaseline pia. Hili ni muhimu, manake watu wanadhani ukomo wa hedhi ukifika kondomu haina kazi. Mimba haipo, ni kweli, lakini ngozi iliyokonda inachanika kirahisi na VVU vinapata njia.

6. Usibadilishe kwa vidonge vya uzazi wa mpango, ni dawa nyingine kabisa. Na kina mama tuwaambie waache kuweka shabu, sabuni na mitishamba ya "kubana". Vinakausha na kuchubua pale pale panapouma.

NANI ASIANZE KABLA YA KUONANA NA DAKTARI

Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au ya kizazi, hasa anayemeza dawa za kuzuia homoni, lazima aongee na daktari anayemtibu. Aliyewahi kuganda damu au kupata kiharusi aseme. Na yeyote anayetoka damu.

Hapa kwenye damu naomba usiruke mstari. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, hata mara moja, hiyo siyo hedhi imerudi kuaga. Anatakiwa kupimwa kwanza. Mara nyingi sababu ni ndogo, ila inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na hii ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Ikikutwa mapema inatibika. Uchunguzi wa mwanzo unaweza kufanywa kwa siki kwenye vituo vingi vya afya, ingawa wakati mwingine kwa mama aliyekoma hedhi siki haionyeshi vizuri na atahitaji kipimo kingine. Mwambieni daktari wazi kwamba ni damu baada ya ukomo.

Na kwa wale wa kando ya ziwa, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na kote wilaya ya Nyasa, kuna jambo la ziada. Ziwa letu lina kichocho cha mkojo. Kila mtu anajua kukojoa damu, ila wachache wanajua kwamba mayai ya mdudu yule yanakaa pia kwenye uke na mlango wa kizazi, yanaleta muwasho, maumivu na damu, hata kwa mama ambaye siku hizi hachoti tena maji ziwani. Dawa yake ni praziquantel, siyo krimu. Kwa hiyo mama wa ziwani amwambie daktari kwamba amekulia majini.

UNAIPATA WAPI

Mkoa wetu wa Ruvuma ndio ulioanza na Maduka ya Dawa Muhimu mwaka 2003, kabla ya mikoa mingine, badala ya yale ya dawa baridi. Yanasaidia sana, lakini dawa hii ni ya cheti, iombwe famasi yenye mfamasia. Kabla ya kupanda gari kwenda Songea piga simu uulize kama ipo. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue ya mtu anayeuza kwenye begi stendi.

TURUDI KWA BIBI

Niliporudi nyumbani nikamsomea upya kwa Kiswahili, tena taratibu. Nilipofika kwenye swali la damu akanyamaza. Akauliza, "Na kama ni kidogo tu?" Kumbe ilimtoka mara mbili tangu Pasaka na hakumwambia mtu, wala daktari, kwa sababu hakuulizwa na yeye aliona aibu. Tulipanda pikipiki asubuhi yake. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Niseme tu amepimwa, anafuatiliwa, na msimu huu ametuamrisha wote shambani kwenye kahawa kama kawaida yake.

Mimi kilichobaki kinaniuma ni kwamba ile karatasi ilimwogopesha kwa jambo dogo, na lile kubwa lililompasa kulisema halikuulizwa na mtu kwa lugha yake. Wewe unayesoma hapa umelipia nusu saa. Tumia dakika moja ukifika nyumbani, mtume dada au shangazi amuulize mama kama huwezi mwenyewe: mkojo unachoma? Unaona damu? Kama ana dawa ya Kiingereza kabatini msomee. Usipoelewa usibuni, mpeleke kwa mfamasia.

Mimi siyo daktari, nimesema tangu juu. Nikikosea mahali, wadau wa afya mnirekebishe kwenye maoni, sitanuna. Nawasilisha.