Santuri Iliyoutaja Ukumbi Usio Wake

Ndugu msomaji, hebu toa kanda moja ya zamani kabatini mwako, ile ya harusi au ya dansi, uyasome maneno yaliyoandikwa kwa kalamu juu yake. Ni nani aliyeyaandika? Aliandika usiku uleule, au miaka mitano baadaye alipokuwa akipanga vitu vyake? Swali hilo laonekana dogo. Hata hivyo, wapenzi wengi wa muziki wa roki waliyaamini maneno ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa kufanya hivyo wakaupa mji mmoja usiku wa mji mwingine.

Kanda yenyewe ni ya mwimbaji wa Marekani, Bob Dylan. Mnamo Mei 1966 alizunguka Uingereza pamoja na bendi ya The Hawks, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la The Band. Kila onyesho lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza Dylan alisimama peke yake na gitaa lake lisilo la umeme, kama mashabiki wake walivyomzoea. Baada ya mapumziko bendi iliingia na magitaa ya umeme, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wengi waliokuwa wakimthamini kwa nyimbo zake za kutetea haki waliona kuwa amewasaliti. Walizomea, na wengine wakapiga makofi ya dhihaka ili kumvuruga.

Katika kanda hiyo, kabla ya wimbo wa mwisho, sauti ya mwanamume inapaa kutoka gizani ikimwita Dylan "Yuda!" Dylan anamjibu kuwa hamwamini, anamwita mwongo, kisha bendi inaanza kupiga kwa nguvu nyingi ajabu.

Julai mwaka huohuo Dylan alipata ajali ya pikipiki, na hakufanya tena ziara ya maonyesho hadi 1974. Mashabiki walibaki na njaa, na penye njaa magendo hayakosekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 santuri za magendo za onyesho lile zilizagaa, zikidai kuwa lilifanyika Royal Albert Hall, jijini London.

Uongo huo ulikubalika kwa urahisi kwa sababu ulifanana na ukweli. Dylan alipiga kweli katika ukumbi huo, tarehe 26 na 27 Mei, nazo ndizo siku za mwisho za ziara yake. Nani angetilia shaka kwamba kilele cha mkasa kilitokea katika jiji kuu, mbele ya wakubwa? Sisi waandishi nasi tuna ugonjwa huo: jambo likitokea mkoani, twalikumbuka kana kwamba lilitokea penye ofisi zetu.

Orodha ya nyimbo haikuweza kumsaidia mpelelezi, kwa maana Dylan alikuwa akiimba nyimbo zilezile karibu kila usiku. Ilibidi kutega sikio penginepo: mahali watu walipozomea, maneno aliyoyasema mwimbaji kati ya wimbo na wimbo, na zaidi ya yote ile sauti moja. Tena palikuwa na watu waliokuwapo. C. P. Lee, aliyeketi ukumbini usiku ule akiwa kijana, alichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1998. Jawabu likawa hili: ukumbi ni Free Trade Hall wa Manchester, na tarehe ni 17 Mei 1966, siku tisa kabla ya London.

Manchester ni mji uliokuzwa na viwanda vya pamba, na ukumbi ule si wa kawaida. Ulijengwa mahali ambapo mwaka 1819 askari wa farasi waliushambulia umati uliokuwa ukidai haki ya kura. Humo humo, mwaka 1905, Christabel Pankhurst na Annie Kenney walitolewa nje na kukamatwa baada ya kuuliza kama wanawake watapewa kura. Kwa hiyo mtu kupaza sauti humo kumpinga aliyeko jukwaani lilikuwa jambo lenye asili ndefu. Kuihamishia sauti hiyo London kulikuwa kuwanyang'anya watu wa Manchester kilicho chao.

Santuri halali ilipotoka mwaka 1998, wenye kampuni waliliacha jina la Royal Albert Hall juu ya jalada, ila wakalitia katika alama za kunukuu. Mwaka 2005 filamu ya Martin Scorsese ilionyesha picha za tukio lenyewe, ukumbini Manchester. Mwaka 2016 onyesho la London la tarehe 26 lilitolewa nalo, na ikabidi liitwe la "kweli"!

Tarehe imepatikana, mwenye sauti bado anabishaniwa. Wanaume wawili walijitokeza, kila mmoja akitajwa kuwa ndiye, na wote wawili wamekwisha kufariki.

Novemba 2022 mwimbaji Cat Power aliziimba nyimbo zilezile, kwa mpangilio uleule, katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Katikati ya onyesho msikilizaji mmoja akapaza sauti: "Yuda!" London ikawa imeipata kelele yake, baada ya miaka 56.