Jinsi ya kurekebisha mipaka ya diski bila kupoteza mafaili

KOMPYUTA ya chama cha msingi cha kahawa wilayani Mbinga inaweza kuwa na diski ya gigabaiti 500, na bado ikakataa kuhifadhi hesabu za wakulima kwa madai kwamba nafasi imekwisha.

Mara nyingi diski hiyo haina ubovu wowote. Fundi aliyenakili kila kitu kutoka diski ya zamani ya gigabaiti 120 alinakili pia mipaka yake, na gigabaiti 380 zimekaa bure.

Katika Linux, mipaka hiyo hurekebishwa kwa kuandika amri chache. Mfumo huo si mgeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba kuna vitu viwili. Sehemu ya diski ni mpaka tu, yaani namba ya sekta inapoanzia na inapoishia. Mfumo wa mafaili, kama vile ext4, ni utaratibu wa kupanga mafaili ndani ya mpaka huo.

Mkulima wa ngoro katika milima ya Umatengo ataelewa haraka. Kusogeza alama ya mpaka nje hakuchimbi ngoro mpya katika ardhi iliyoongezwa. Na kuivuta ndani hakuhamishi mahindi yaliyobaki upande wa pili.

Kwa hiyo, wakati wa kupanua, mpaka hutangulia. Amri ya lsblk huonyesha sehemu zilizopo, parted husogeza mwisho wa sehemu kwa agizo la resizepart, kisha resize2fs huunyoosha mfumo wa ext4 hadi mpaka mpya, hata kompyuta ikiwa kazini. Sharti ni kwamba nafasi tupu iwe mara tu baada ya sehemu hiyo, na sekta ya mwanzo isiguswe.

Kupunguza ndiko kwenye balaa, na utaratibu hugeuka. Mfumo wa mafaili hupunguzwa kwanza, mpaka baadaye. Sehemu hiyo haipaswi kuwa inatumika. Ikiwa ndiyo yenye mfumo endeshi, kompyuta huwashwa kwa flashi. Kisha hukaguliwa kwa e2fsck -f kabla ya resize2fs. Mfumo wa XFS usijaribiwe: hupanuka kwa xfs_growfs, lakini kwa matumizi ya kawaida haupunguzwi.

Mitego miwili huwanasa hata mafundi wazoefu. Wa kwanza ni vipimo. Kwa resize2fs, 60G ni baiti 64,424,509,440, lakini kwa parted, 60GB ni baiti bilioni 60 kamili. Anayeandika namba ileile mara mbili hukata baiti zaidi ya bilioni 4 za mkia wa mfumo wake. Dawa ni kuandika 60GiB kwenye parted na, bora zaidi, kupunguza kwanza mfumo hadi 58G, kukata mpaka kwa 60GiB hiyo, halafu kuita tena resize2fs bila namba ili ijaze pengo.

Wa pili ni kwamba resizepart haiulizi ukubwa, bali mahali pa kuishia kutoka mwanzo wa diski. Sehemu inayoanzia 40GiB na kutakiwa kuwa ya 60 huandikiwa 100GiB.

Kisha kuna umeme. Songea na Mbinga zilitegemea kwa kiasi kikubwa mashine za dizeli hadi mwaka 2018, Ruvuma ilipounganishwa kwenye gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Gridi haikuondoa kukatika kwa umeme, na ukikatika wakati resize2fs inahamisha mafaili, hesabu za msimu mzima zinaweza kubaki nusu huku, nusu kule.

Kwa ofisi za Liuli au Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, fundi wa kuokoa mafaili huenda asipatikane karibu zaidi ya Songea. Hivyo nakala kamili kwenye diski ya nje hutangulia amri yoyote, na nakala hiyo hufunguliwa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuaminiwa. Kazi yenyewe ifanyike kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, au iliyo nyuma ya kifaa cha kuhifadhi umeme.