Kitufe Kimoja Tu: Namna ya Kuanza Kurekodi Haraka kwa Kamera Ndogo ya Matukio

Ajali ya barabarani huisha ndani ya sekunde chache, na mara nyingi huwa imekwisha kabla shuhuda hajatoa simu mfukoni, akaifungua, akatafuta alama ya kamera na kubonyeza. Ndivyo ilivyo pia kwa dhoruba inayoipiga mashua, kwa tembo anayekatiza mbele ya gari la watalii, na kwa maji ya mafuriko yanayomega ukingo wa daraja. Kwa sababu hiyo, baadhi ya waendesha pikipiki, madereva, wavuvi na waongoza watalii wameamua kutembea na kamera ndogo za matukio, zile ambazo wananchi wengi huziita GoPro hata pale zinapokuwa zimetengenezwa na kampuni nyingine.

Hata hivyo, kuwa na kamera ni jambo moja, na kuwa tayari kurekodi ni jambo jingine. Wamiliki wengi bado hufuata njia ndefu: wanabonyeza kitufe cha kuwashia, wanasubiri skrini ifunguke, wanachagua kama wanataka picha mnato au video, ndipo wanapobonyeza kitufe cha kurekodi. Sekunde hizo hupotea bure, kwani kamera nyingi za aina hii zina njia ya mkato ambayo mwenye kamera hakuambiwa kuwa ipo, au aliizima bila kujua.

Njia hiyo ina asili yake katika kazi ambayo kamera hizi zilikusudiwa. Kampuni ya GoPro iliasisiwa nchini Marekani mwaka 2002 na Nick Woodman, mpenzi wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, na kamera yake ya kwanza iliyoingia sokoni mwaka 2004 ilitumia filamu ya milimita 35 na kufungwa mkononi kwa mkanda. Mtu aliyesimama juu ya ubao katikati ya wimbi hana mkono wa ziada wa kupekua menyu. Ndiyo maana kamera hizi zimebaki na vitufe vichache mno, na ndipo ulipotokea utaratibu ambao GoPro huuita QuikCapture. Kampuni ya DJI ina utaratibu unaofanana nao katika kamera zake za Osmo Action, na huuita SnapShot.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kamera ikiwa imezimwa kabisa, mtumiaji hubonyeza mara moja kitufe cha kurekodi, ambacho kwa kawaida ndicho kikubwa kilichoko juu ya kamera. Kamera hujiwasha, hutoa milio, na huanza kurekodi yenyewe huku taa zake zikimetameta. Akibonyeza kitufe hicho kwa mara ya pili, kamera huacha kurekodi, hulia tena mara kadhaa na kujizima. Kitufe cha kuwashia hakiguswi, wala skrini haiguswi.

Faida ya pili ni betri. Kamera inayoachwa ikiwa imewashwa ili “iwe tayari” hupata joto na kumaliza chaji hata kama hairekodi chochote. Kamera inayolala ikiwa imezimwa na kuamshwa tukio linapotokea inaweza kumfikisha mwongoza watalii jioni kwa betri moja, iwapo hakurekodi mfululizo.

Kasoro kubwa ya utaratibu huu imo ndani ya wepesi wake. Kitufe kinachoanzisha ndicho kinachosimamisha, na mtu aliyevaa kamera juu ya kofia ngumu haioni. Akishtuka hubonyeza, halafu kwa wasiwasi hubonyeza tena ili “kuhakikisha”, na hapo huwa ameizima. Lipo pia kosa la upande wa pili: tukio likiisha, mtu hubonyeza akiamini anasimamisha, kumbe ndiyo kwanza anaanzisha, na kamera huendelea kurekodi ndani ya begi mpaka chaji iishe. Matokeo yake ni video ndefu ya giza au ya lami na viatu, huku tukio lenyewe halimo.

Dawa ya kosa hili ni masikio. Milio ya kamera huonekana kama kero, na baadhi ya watumiaji huizima siku ya kwanza kupitia mipangilio. Kwa mtu anayevaa kamera mahali asipoiona, kuizima milio hiyo ni sawa na kujiziba masikio. Inafaa iachwe katika sauti ya juu, hasa kwa mwendesha pikipiki anayepigwa na upepo na ngurumo ya injini. Kanuni ya kufuata ni kubonyeza mara moja, kuondoa kidole, na kusubiri mlio kabla ya kugusa tena. Mazoezi yafanyike nyumbani, tena kwa glavu zile zile zinazovaliwa kazini, kwa sababu kidole kilichofunikwa hakihisi kitufe kama kidole kitupu.

Muda wa kubonyeza nao una maana. Katika baadhi ya matoleo, HERO5 likiwa mojawapo, kubonyeza na kuachia huanzisha video, lakini kukishikilia kitufe huanzisha upigaji wa picha mnato mfululizo kwa vipindi. Mtu mwenye mkono mzito anaweza kurudi na picha kadhaa badala ya video aliyoitaka.

Kamera inaposhindwa kuamka kwa kitufe hicho, jambo la kwanza kuangaliwa ni kama utaratibu umezimwa. Katika kamera za GoPro zenye skrini ya kugusa, mtumiaji huburuta skrini kuu kwenda chini, huingia katika mipangilio ya jumla na kutafuta jina QuikCapture. Wapo wanaouzima kwa makusudi wakiwa safarini ili kamera isijiwashe ikibanwa na nguo ndani ya begi, kisha wakasahau kuurudisha. Jaribio la nusu dakika kila asubuhi hutosha: kuzima kamera, kubonyeza, kusikiliza mlio, kubonyeza tena, na kuitazama video iliyopatikana.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo inayowaangusha wengi kuliko kitufe. Kamera isiyo na kadi, au yenye kadi iliyojaa, itawaka kwa haraka ile ile lakini haitahifadhi chochote. Watengenezaji hupendekeza kadi za microSD zenye alama ya V30 au U3, yaani zenye uwezo wa kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Video inayorekodiwa kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, ambacho kamera kadhaa za HERO za miaka ya karibuni hukifikia, hutumia takribani megabaiti 750 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa ndani ya saa moja na dakika 25 hivi. Mwenye kutaka kumbukumbu za barabarani tu hana sababu ya kurekodi kwa ubora wa juu kabisa, ilmradi namba za magari zisomeke.

Kadi bandia ni tatizo la pekee. Kadi hizo huandikwa uwezo mkubwa kuliko zilio nao kwa kweli, na mnunuzi hagundui mpaka kiwango halisi kimepitwa, ambapo video mpya huharibika au huonekana kama zipo ilhali hazifunguki. Programu za kompyuta kama H2testw na F3, zinazopatikana bila malipo, huijaza kadi nzima na kuisoma tena ili kubaini uwezo wake wa kweli. Baada ya hapo kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, kwa tahadhari kwamba kufomati hufuta kila kilichomo.

Zipo hali ambazo hata kitufe kimoja huwa kimechelewa, kwa kuwa tukio limeshapita mkono unapofika. Kwa ajili hiyo, GoPro iliingiza katika HERO9 Black ya mwaka 2020 utaratibu uitwao HindSight, ambao huhifadhi kwa muda sekunde 15 au 30 zilizotangulia kubonyezwa kwa kitufe. Gharama yake ni betri, maana kamera hulazimika kuwa imewashwa na macho wazi wakati wote. Dereva mwenye chaja ndani ya gari anaweza kuumudu. Mpanda mlima hawezi. Kwa gari, upo pia utaratibu wa kurekodi kwa mzunguko, ambapo vipande vya zamani hufutwa ili kupisha vipya, jambo linalomtaka dereva asimamishe kurekodi mara baada ya tukio, la sivyo ushahidi utafutwa na safari ya kurudi nyumbani.

Amri za sauti, ambazo hutangazwa sana na wauzaji, zina manufaa madogo kwa watumiaji wengi wa hapa nchini. Kiswahili hakimo katika lugha ambazo kamera hizo huzitambua, na kelele za upepo huzivuruga amri hizo hata zikitamkwa kwa lugha inayokubalika. Kidole bado ni cha kuaminika zaidi.

Baridi ni adui mwingine wa wepesi huu. Wapagazi na waongozaji wanaopanda Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha meta 5,895, hufika karibu na kilele alfajiri, wakati halijoto imeshuka chini ya nyuzi sifuri. Betri za lithiamu hupoteza nguvu katika baridi ya namna hiyo, na kamera iliyoonyesha chaji ya kutosha kambini huweza kujizima juu. Betri ya akiba hubebwa katika mfuko wa ndani, karibu na mwili, na kuingizwa katika kamera pale inapohitajika.

Saa ya kamera huwa inasahaulika. Betri ikikaa nje ya kamera kwa muda mrefu, tarehe na saa hupotea, na video zinazofuata huhifadhiwa kwa tarehe isiyo ya kweli. Kuiunganisha kamera na programu yake ya simu hurekebisha saa. Kamera zenye GPS nazo huweza kuhifadhi mahali, ingawa si zote zinayo. HERO12 Black ya mwaka 2023, kwa mfano, haikuwekewa. Mwenye kamera anaweza kujiongezea uhakika kwa kutamka kwa sauti, mara tu mlio unaposikika, tarehe, saa na jina la mahali.

Umuhimu wa hayo huonekana video inapotakiwa kutumika kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na katika kuupima huangaliwa, pamoja na mambo mengine, namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kusafirishwa, jinsi uhalisi wake ulivyolindwa, na namna aliyeitengeneza alivyotambuliwa. Video iliyokatwa, iliyowekewa muziki, au iliyopita katika makundi kadhaa ya WhatsApp, ambako hubanwa na kupoteza ubora, humpa wakili wa upande wa pili maswali mengi ya kuuliza. Inashauriwa kadi itolewe katika kamera, faili zinakiliwe bila kubadilishwa majina, na kadi yenyewe itunzwe bila kurekodiwa juu yake. Kamera nyingi hugawa video ndefu katika mafaili ya takribani gigabaiti 4 kila moja, hivyo vipande vyote vihifadhiwe pamoja hata kama tukio linaonekana katika kimoja tu.

Kwa upande mwingine, kamera inayowaka kwa mguso mmoja hurekodi pia watu ambao hawakuombwa ridhaa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka masharti kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kampuni za usafirishaji na za utalii zinazofunga kamera hizi katika magari yao zinapaswa kufahamu wajibu wao, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea usajili wao na malalamiko ya wananchi. Kumrekodi majeruhi ili kuonyesha polisi namna gari lilivyomgonga ni jambo moja. Kuisambaza sura yake mtandaoni kabla ndugu zake hawajapewa taarifa ni jambo jingine kabisa.

Kwa wanaotaka kutengeneza filamu za kibiashara ndani ya hifadhi za taifa, vibali huhitajika bila kujali udogo wa kamera, na hutafutwa kabla ya safari.

Uzuri wa kamera iliyofungwa kifuani au kwenye kofia ni kwamba ikishabonyezwa na kulia, mikono yote miwili huwa huru. Shuhuda wa ajali anaweza kuiacha ikirekodi na kupiga simu polisi kwa namba 112, au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, kisha akawasaidia walioumia hadi msaada ufike.