Unataka Kupeleka Subaru Yako Saketi? Anza na Breki, Turbo Itangoja

Kama uko na Subaru, hii stori unaijua. Umesota miezi kadhaa juu ya ndai, lakini ukiiwasha asubuhi ploti nzima inajua umeamka. Kitu ya kwanza ulifikiria kuongeza ni sauti. Ya pili ni nguvu. Fundi wako amekuambia akicheza na kompyuta kidogo itatema moto kwa ekzosi mpaka watu wa stage wainame.

Halafu siku moja mbogi inakushtua: kuna siku ya saketi. Unalipa, unakuja na helmeti, unaendesha mpaka roho itulie. Hakuna karao, hakuna matatu, hakuna boda inakukatia.

Hapo ndio wasee wengi huchoma picha. Raundi tatu za kwanza wako juu, raundi ya nne pedali ya breki inaenda mpaka chini na gari haisimami. Si ati hawajui kuendesha. Wameleta gari imejengwa kutoka haraka kwa taa za trafiki, na saketi haijali mambo ya kutoka. Saketi inauliza swali moja tu: unaweza kusimama mara ngapi bila kupumzika?

Basi leo tupange vitu vizuri. Mfano wetu ni Impreza WRX ya injini ya EJ20, juu ndio imejaa mtaani, lakini mpango ni uleule hata kama uko na Altezza ama Lancer Evolution.

Saketi zetu zinakula breki

Hapa Kenya hatuna saketi kubwa ya lami kama Kyalami ya kule Afrika Kusini. Tuko na sehemu fupi kama Whistling Morans kule Athi River, na time trial kama Kiamburing upande wa Kiambu, ambapo kipande cha lami kinafungwa na kila dereva anashindana na saa. Sehemu kama hizi ziko na kona mingi na nafasi kidogo ya kunyoosha. Unakanyaga mafuta, unafunga breki, unakata kona, unakanyaga tena. Breki hazipati nafasi ya kupoa.

Sasa piga hesabu kidogo. WRX na dereva wake ni kama kilo 1,450. Ukitoka 140 km/h ushuke mpaka 50 km/h, joto linaloingia kwa diski na pedi linatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji kutoka kwa mfereji. Hiyo ni sufuria ya chai ya watu kumi, na umeichemsha kwa sekunde chache. Halafu kona ingine inakuja, unachemsha sufuria ingine. Fanya hivyo dakika kumi na tano.

Kuna kitu kingine wasee husahau: ukidabo spidi, kazi ya breki haidabo, inaenda mara nne. Ndio maana kuongeza nguvu kabla ya breki ni kujichimbia shimo. Kila farasi unaongeza kwa injini, breki zako ndizo zinalipa deni.

Hatua ya kwanza: mafuta ya breki

Hii ndio kitu ya bei ndogo kabisa kwa hii list, na ndio inaokoa watu wengi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka kwa hewa polepole, hata gari ikiwa imepaki. Maji yakiingia, yanachemka mapema. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Wewe unakanyaga pedali, pedali inabonyeza mvuke, pedi hazishiki kitu. Hiyo ndio siri ya ile pedali inayoenda mpaka chini.

Angalia namba kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikichakaa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Chunga hapa: DOT 5 bila hiyo .1 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo zingine, usiiguze.

Kama hujui mara ya mwisho mafuta yako yalibadilishwa ni lini, yahesabu kama yamezeeka. Mwaga yote, weka mapya kutoka kwa chupa iliyofungwa, na fundi atoe hewa kwa wili zote nne. Fanya wiki hiyohiyo ya saketi.

Hatua ya pili: pedi na diski

Pedi za barabara zimetengenezwa kushika zikiwa baridi, asubuhi ukienda job. Zikipata joto la saketi zinaanza kuteleza na kunuka, na hata ukikanyaga ngumu gari inaendelea kuteremka tu. Tafuta pedi za saketi ama zile za kati, zinazohimili joto zaidi. Ukienda na za saketi kabisa, jua zitapiga kelele mtaani na asubuhi zikiwa baridi hazitashika poa.

Pedi mpya lazima zizoeshwe. Tafuta mahali salama, punguza spidi mara kadhaa bila kusimama kabisa, halafu endesha pole zipoe. Ukiruka hii, unaweza kuziua siku ya kwanza.

Na kama umeona Subaru iko na breki kubwa za Brembo, usidhani umemaliza. Breki kubwa zenye mafuta mazee bado zitachemka. Chafu ni chafu, hata kwa sahani ya dhahabu.

Hatua ya tatu: taya

Gari nzima inashika lami kwa vipande vinne, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Usiangalie makucha peke yake. Soma tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT kwa ukuta wa taya: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Taya iliyokaa miaka mingi kwa stoo inaweza kuwa na makucha yote na bado iwe ngumu kama plastiki ya jeri.

Kwa siku ya kwanza huhitaji taya za mashindano. Taya nzuri za barabara, nne zinazofanana, zinakufunza zaidi, juu zinaanza kulia kabla hazijaachilia. Taya zinazoshika sana hukuachilia ghafla ukiwa kwa spidi ya juu. Anza na presha ya kawaida, halafu pima ukitoka tu raundini. Joto hupandisha presha, kwa hivyo unaweza kulazimika kutoa kidogo. Pima kila ukitoka, andika.

Hatua ya nne: oili na kupoesha injini

Hapa Subaru iko na mambo yake. EJ20 imelala, pistoni zinaenda kushoto na kulia, na kwa kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja. Ikiwa imepungua, bomba la kunyonya linameza hewa badala ya oili. Sekunde chache bila oili kwa spidi hiyo, beringi zinaanza kugonga, na hiyo sauti unaijua. Ni sauti ya injini mpya.

Dawa ya kwanza ni ya bure: chomoa dipstiki kila ukitoka saketi, weka oili iwe karibu na alama ya juu. Oili iwe mpya na ya kiwango kizuri. Wale wanaoenda mara kwa mara hubadilisha bomba la kunyonya liwe gumu zaidi, na wanaweka sampu yenye kuta ndani za kuzuia oili isikimbie.

Halafu kuna hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kama asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa. Turbo inazunguka zaidi kupata presha ileile, kwa hivyo hewa inayotoka ni moto zaidi. Na rejeta na intakula zinapoeshwa na hiyohiyo hewa nyepesi. Yaani huku juu joto linaongezeka na cha kulitoa kinapungua. Rejeta safi, kifuniko cha rejeta kinachoshikilia presha, mipira isiyopasuka na kulanti ya kweli badala ya maji ya mfereji, hizo ndizo modi za maana kabla ya turbo kubwa.

Hatua ya tano: wewe mwenyewe kwa kiti

Helmeti inayokutosha, viatu vyepesi, mkanda unaofunga. Ukienda kwa mikanda ya mashindano, usiiunganishe na kiti cha kawaida na vifaa vya kubahatisha. Bila kiti chake na sehemu sahihi za kuifungia, mwili unaweza kuteleza chini ya mkanda ukigonga kitu.

Toa kila kitu kinachotembea ndani ya gari: zulia la dereva, chupa ya maji, jeki, spika ya buti. Chupa ikiingia chini ya pedali ya breki, hesabu zote za juu hazisaidii. Angalia betri imefungwa. Kaza nati za wili kwa spana ya torki, kiwango kile kimeandikwa kwa kitabu cha gari, halafu rudia baada ya raundi za kwanza.

Hatua ya sita: shokabzoba na alaimenti

Sasa ndio unaweza kufikiria kuteremsha gari. Lakini kuteremsha si kukata spring na grainda. Spring iliyokatwa inafanya shokabzoba zifike mwisho katikati ya kona, na gari inaruka ukitaka ishike. Anza kwa kubadilisha bushi zilizokufa na shokabzoba zinazovuja, halafu fanya alaimenti. WRX yenye bushi nzima na alaimenti safi itaiacha ile imelala chini na imekufa bushi.

Hatua ya mwisho: nguvu

Ukishafika hapa, na umeenda saketi mara kadhaa, na unajua unapoteza sekunde wapi, sawa, ongea na mtu wa kutyun. Lakini kumbuka Impreza za kutoka Japan zilipangwa na mafuta ya huko, ambayo okteni yake iko juu kuliko super ya kawaida hapa. Ukiongeza presha ya turbo bila kupanga kompyuta kwa mafuta unayoweka kweli, moto unawaka kabla ya wakati ndani ya silinda na unatoboa pistoni. Tyuni ya kuangalia namba za injini ikiendeshwa ni tofauti na faili ya kutupiwa kwa WhatsApp.

Na ile ya kutema moto? Hiyo ni mafuta yanachomekea kwa ekzosi. Inapika turbo, na haikuongezei hata nukta ya sekunde.

Siku yenyewe

Raundi ya kwanza ni ya kupasha taya na breki. Halafu endesha kama dakika kumi, usipige ishirini. Raundi ya mwisho ni ya kupoesha: gia ya juu, breki kidogo, hewa ipite. Ukipaki, usivute handbreki, juu pedi za moto zinaweza kushikana na diski. Weka gia na uzuie wili kwa jiwe. Wacha injini inguruma kidogo kabla ya kuzima, turbo ipoe.

Jambo lingine: soma bima yako kabla. Sera nyingi hazilipi gari ikiumia kwenye mashindano ama majaribio ya spidi. Na uulize waandaaji kama kuna ambulensi na watu wa moto. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, rudi home.

Wasee, sote tunajua kwa nini tunapenda hizi gari. Wazee wetu walimwona Patrick Njiru akipita vumbi na Subaru kwa Safari Rally, na mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda hapa hapa na Impreza. Hiyo damu iko. Lakini usiku kule Thika Road na Northern Bypass kuna watu wanavuka, kuna lori limezima taa, na hakuna raundi ya kupoesha. Ukifeli breki saketi, unaingia kwa nyasi na mbogi inakucheka wiki mzima. Ukifeli bypass, kuna familia haitacheka.

Kwa hivyo hiyo doo ulikuwa umetenga ya ekzosi, nunua mafuta ya breki, pedi na helmeti. Lipa siku moja ya saketi na kile kimebaki. Ukirudi jioni na gari ileile, kwa wili zake nne, ukinuka breki na ukicheka peke yako, hapo umeanza.