Mkulima wa St. Radegund na Amri ya Dola

Majuma matatu baada ya jeshi la Ujerumani kusalimu amri huko Stalingrad, katika mwezi wa Februari 1943, barua ya wito wa vita ilimfikia mkulima mmoja wa kijiji cha St. Radegund, nchini Austria, kijiji kidogo kilichoko mpakani mwa Bavaria, si mbali na mji wa Braunau alikozaliwa Adolf Hitler. Jina lake Franz Jägerstätter, umri wake miaka 35, baba wa mabinti watatu wa ndoa ambao mkubwa wao alikuwa hajatimiza miaka sita. Na zaidi ya kazi za shamba na mifugo, ndiye aliyekuwa sakristani wa kanisa la kijijini. Tarehe 1 Machi aliripoti katika kambi ya Enns kama alivyotakiwa, na hapo akawaambia wakubwa wa jeshi, pasipo ghadhabu wala matusi, kwamba hatashika silaha kumpigania Hitler, kwa kuwa vita ile ni dhuluma, na kushiriki dhuluma ni dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu.

Kadhia hii nimeichagua miongoni mwa nyingi za watu waliosongwa baina ya dini na dola kwa sababu mtu mwenyewe hakuwa askofu, wala mwanazuoni, wala kiongozi wa chama, bali raia wa kawaida kabisa. Wala hakuzaliwa mtawa. Alizaliwa nje ya ndoa mwaka 1907. Baba yake mzazi aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ujana wake ulikuwa na vurugu zake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kumiliki pikipiki, jambo lililomletea sifa kubwa kwa vijana wenziwe. Alipomwoa Franziska, Alhamisi Kuu ya mwaka 1936, ibada ikakita mizizi nyumbani mwao, hata majirani wakawa wakisema kwamba ni mke aliyembadilisha, ilhali Franziska mwenyewe alieleza kwamba walisaidiana katika imani, kila mmoja akimtia nguvu mwenziwe.

Dalili ya msimamo wake ilikuwa imekwisha kuonekana mapema. Ujerumani ilipoimeza Austria katika mwezi wa Machi 1938, watu waliitwa kupiga kura ya kuridhia jambo lililokwisha tendeka, nao maaskofu wa nchi ile, wakiongozwa na Kardinali Theodor Innitzer, wakawahimiza waumini kuliunga mkono. Siku ya kura, tarehe 10 Aprili, katika St. Radegund alipatikana mtu mmoja tu aliyesema hapana, naye ni Jägerstätter. Na wakubwa wa kijiji, kwa kuogopa aibu mbele ya serikali mpya, wakaificha kura ile na kutangaza kwamba kijiji kizima kimekubali.

Na asiseme mtu kwamba alikimbia taabu za jeshi. Mwaka 1940 aliitwa, akaenda, akala kiapo, akafunzwa kazi ya askari, akarudi nyumbani katika mwezi wa Aprili 1941 kwa kuombewa na wakubwa wa kijijini kwake waliosema kwamba shamba linamhitaji. Ni baada ya kuyaona mambo hayo kwa macho yake, na baada ya paroko wake kukamatwa kwa ajili ya mahubiri, ndipo alipokata shauri kwamba akiitwa tena hatatumika. Aliona kwamba dola inayowatia mapadri kifungoni na kuwavamia majirani wasioikosea haiwezi kumdai Mkristo mkono wake, kisha Mkristo yule akaenda kanisani na moyo mweupe.

Kabla ya kuifuata azma hiyo alikwenda mjini Linz kumwuliza askofu wake, Joseph Fliesser. Askofu alimwambia kwamba si juu ya raia wa kawaida kuyahukumu matendo ya watawala, na kwamba dhima yake ya kwanza ni familia yake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana ina msingi katika mafundisho ya Mtume Paulo kwa Warumi juu ya kutii mamlaka. Lakini Biblia hiyohiyo inasimulia jinsi Petro na wenzake walivyosimama mbele ya baraza la wakubwa wakajibu kwamba utii kwa Mungu unatangulia utii kwa wanadamu. Nasi tulio majirani wa Waislamu tunajua kwamba wao pia wamefundishwa na Mtume wao kwamba kiumbe hatiiwi katika jambo la kumwasi Muumba. Basi elimu ya kumjibu yule mkulima ilikuwako. Kilichokosekana ni ushujaa wa kuitamka. Jägerstätter alitoka akimwambia mkewe kwamba viongozi wale waliogopa, yasije yakawafika wao. Lakini hakuwalaani, wala hakuliacha kanisa lao.

Jambo lililo zito kuliko yote, kwangu mimi, ni la mke na watoto. Mtu ana haki ya kuitoa roho yake. Je, anayo haki ya kuutoa mkate wa mabinti watatu wasioweza kuulizwa? Nimelipima swali hili mara nyingi, wala sidhani kwamba lina jibu jepesi. Franziska kwanza alimsihi aiokoe nafsi yake. Baadaye, alipoona jinsi ndugu, majirani na mapadri wote walivyomzunguka mumewe na kumshindilia, alikoma kumsihi akasimama upande wake, kwa kuwa, kama alivyoeleza mwenyewe, bila yeye mumewe asingekuwa na mtu hata mmoja. Naye Jägerstätter aliandika gerezani kwamba hawezi kuamini kuwa mtu, kwa sababu tu ana mke na watoto, ameruhusiwa kumkosea Mungu. Maneno hayo ni makali, lakini mtu aliyeyaandika aliwapenda sana watu wa nyumbani kwake, na barua zake zote zinashuhudia.

Aliomba, ikiwa lazima atumikie, afanywe mwuguzi wa majeruhi, lakini hakukubaliwa. Tarehe 6 Julai 1943 mahakama kuu ya kijeshi mjini Berlin ilimhukumu kifo kwa kosa la kudhoofisha nguvu za jeshi. Mkewe alisafiri hadi Berlin akaonana naye kwa dakika chache. Padri aliyefuatana naye alijaribu tena kumgeuza, asiweze. Faraja aliyoipata ilitoka kwa padri wa gerezani, aliyemweleza kwamba mwaka uliotangulia padri Franz Reinisch alikuwa amekufa kwa sababu kama yake. Tarehe 9 Agosti, mjini Brandenburg, Jägerstätter alikatwa kichwa.

Je, alikuwa mhaini? Mhaini huuza siri za watu wake, huwaongoza adui, hukimbia na kuwaachia wengine mzigo. Mtu huyu alikwenda mwenyewe kambini, akataja jina lake na sababu yake, akaipokea adhabu, wala hakumtaja jirani yeyote. Nchi ni ardhi, na watu, na makaburi ya wazee, hizo hakuzikana. Alichokikana ni amri ya watu waliokalia kiti cha nchi, na nchi yenyewe ilikwisha futwa jina na watu haohao.

Walakini vita vilipokwisha, kijiji hakikumstahi. Wengi walikuwa wamewazika au kuwapoteza wana wao katika vita ile, na kumsifu aliyekataa kulionekana kama kuwatukana waliokwenda. Uchungu huo naufahamu. Lililo gumu kulifahamu ni kwamba serikali ya Austria ilimnyima mjane malipo ya wajane wa vita hadi mwaka 1950, na kwamba askofu yuleyule hakuridhia gazeti la jimbo limsifu, akiona mashujaa wakubwa zaidi ni vijana Wakatoliki waliopigana na kufa. Ni Mmarekani, Gordon Zahn, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1964. Na mwaka uliofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba sheria ziwaangalie kwa utu watu wanaokataa silaha kwa sababu ya dhamiri, pindi wakubalipo kuitumikia jamii kwa njia nyingine, yaani jambo lilelile aliloliomba Jägerstätter akanyimwa. Mahakama ya Berlin iliitengua hukumu yake mwaka 1997. Tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, alitangazwa Mwenyeheri, na Franziska, mwenye umri wa miaka 94, alikuwapo.

Ninawaomba mapadri, wachungaji na masheikh wetu waisome kadhia hii kabla haijawafikia. Kijana atakapokuja kuwauliza kama amri aliyopewa ni halali, wasimrudishe nyumbani kwa kumkumbusha watoto wake tu, maana hao anawajua kuliko wao. Wamjibu swali aliloliuliza.