Riwaya ya Kutisha Mkononi mwa Msafiri

Miongoni mwa vitu ambavyo msafiri hununua kwa haraka stesheni au bandarini kabla chombo hakijaondoka, maji, mkate, karanga na machungwa, kitabu huhesabiwa na watu wengi wa kwetu kuwa ni anasa, na riwaya ya mizuka, majini na nchi za ajabu hudhaniwa hata kuwa ni upuuzi usiostahili kupunguziwa masurufu ya mtu mwenye akili timamu. Mimi nashika kauli iliyo kinyume cha hiyo. Naamini kwamba hakuna kitabu kinachoafikiana na safari kuliko riwaya ya kutisha au ya maajabu, na tarikhi ya vitabu hivyo yenyewe inashuhudia ya kuwa vingi vilitungwa na watu waliokuwa njiani, vikauzwa njiani, na kusomwa na watu ambao hawakuwa na la kufanya ila kungoja wafike.

Mwaka 1816, wakati ambapo majivu ya mlima Tambora, uliolipuka Indonesia mwaka uliotangulia, yalikuwa yameiharibu hali ya hewa hata Ulaya ikakosa kiangazi, kundi dogo la wasafiri wa Kiingereza lilikutana kando ya ziwa la Geneva huko Uswisi. Mvua iliwafungia ndani siku baada ya siku, nao wakajiliwaza kwa kusomeana kitabu cha hekaya za mizuka za Kijerumani zilizofasiriwa kwa Kifaransa, mpaka mshairi Byron akashauri kwamba kila mmoja wao atunge hekaya yake. Mary Shelley, ambaye wakati huo alikuwa binti wa miaka 18 na bado hajaolewa, aliianza hapo Frankenstein, iliyotoka mwaka 1818. Naye tabibu wa Byron, John Polidori, akaondoka na mbegu ya hadithi ya mnyonya damu iliyochapishwa mwaka uliofuata. Wala si ajabu kwamba Frankenstein inafunguliwa kwa barua za msafiri aelekeaye kwa merikebu kwenye barafu ya kaskazini, kwa kuwa aliyeitunga alikuwa mgeni katika nchi ya watu.

Lakini aliyeifanya riwaya kuwa mwenzi wa msafiri wa kawaida, asiye mshairi wala mwana wa watu wakubwa, alikuwa ni garimoshi. Katika gari la farasi, lililorushwa huku na huku na mashimo ya barabara, macho hayakuweza kutulia juu ya mistari. Ndani ya behewa yaliweza. Mwaka 1848 kampuni ya W. H. Smith ilifungua kibanda cha vitabu katika stesheni ya Euston, London, na mwaka uliofuata mchapishaji Routledge akaanza kutoa mfululizo wa riwaya za reli, nyingi kwa bei ya shilingi moja, na biashara hiyo ikazaa vitabu vyenye majalada ya manjano yenye picha za kuvutia jicho la mtu apitaye mbio. Huko Ufaransa, Louis Hachette alianzisha maktaba yake ya njia za reli mwaka 1853, na miongoni mwa vitabu vya mwanzo alivyowauzia abiria zilikuwamo hadithi teule za Edgar Allan Poe. Tangu mwaka 1841, Tauchnitz wa Leipzig alikuwa akichapa vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya wasafiri wa bara la Ulaya, navyo vilibeba onyo la kwamba visiingizwe Uingereza wala katika makoloni yake. Hivyo msafiri aliyekuwa akirejea kwao ilimpasa ama akimalize kitabu kabla ya forodha, ama akiache, ama akifiche sandukuni.

Reli ilipovuka bahari, biashara hii ilivuka pamoja nayo. Katika stesheni ya Allahabad, India, ilianzishwa mwaka 1877 kampuni ya A. H. Wheeler, na mwaka 1888 kampuni hiyo ikatoa vijitabu vya mwandishi kijana wa gazeti, Rudyard Kipling, kwa rupia moja kila kimoja. Cha tano katika mfululizo huo kilikuwa cha hekaya za kutisha, na hekaya iliyokipa jina inasimulia habari ya mtumishi wa serikali aandamwaye katika njia za Simla na kigari cha kukokotwa na watu, ndani yake ameketi mwanamke ambaye yeye mtumishi alimtupa, ilhali mwanamke huyo amekwisha kufa. Naitafakari sana hali ya abiria wa zama hizo, aliyelala katika behewa la joto baina ya Allahabad na Lahore, taa inafifia, na mkononi ana hekaya ya nchi ile ile inayopita dirishani. Fedha alizolipwa Kipling kwa vitabu vya stesheni zilimsaidia kuiaga India mwaka 1889. Maana yake ni kwamba mapeni ya abiria ndiyo yaliyomfikisha mwandishi London.

Hata hivyo, kama ningeulizwa ni hekaya gani iliyo bora kupita zote kwa kusomwa garini, ningejibu bila kusita kuwa ni ile ya Charles Dickens juu ya mlinzi wa ishara za reli, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1866. Tarehe 9 Juni 1865 Dickens alikuwa akirejea London kutoka Ufaransa, na garimoshi lilipofika karibu na Staplehurst, katika jimbo la Kent, lilikuta kwamba reli za darajani zimeng'olewa ili zitengenezwe, kwa kuwa msimamizi wa mafundi aliisoma vibaya ratiba. Mabehewa yakaporomoka bondeni, watu 10 wakafa, na behewa lake likabaki likining'inia. Alitoka salama, akawapa majeruhi maji kwa kofia yake, kisha akapanda tena ndani ya behewa lile ili auchukue mswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika. Tokea siku ile safari ya reli ilimtia hofu. Katika hekaya aliyoitunga mwaka mmoja baadaye, mtu aishiye peke yake penye mdomo wa handaki la reli huona kivuli kikimpungia mkono, na kila kionekanapo hufuata msiba. Hakuna humo damu nyingi wala makelele. Hofu yote imo katika kazi ya mtu mwaminifu anayejua kwamba jambo litatokea, asijue ni lipi wala amwonye nani. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870, siku iliyotimiza miaka mitano kamili tangu ajali ile.

Bram Stoker naye, ambaye kwa kuwa meneja wa mwigizaji mashuhuri alizoea maisha ya kuhama miji, alilikuta jina la Dracula mwaka 1890 katika kitabu alichokiazima maktabani alipokuwa mapumzikoni Whitby, mji wa pwani ya Uingereza. Riwaya yake yenye jina hilo, ya mwaka 1897, inaanza na lalamiko ambalo kila abiria wa Afrika ya Mashariki atalielewa, nalo ni kwamba garimoshi limechelewa. Kutoka kwenye kuchelewa huko, msomaji anaongozwa hatua kwa hatua, chakula kwa chakula, mpaka kwenye ngome ambayo hakuna ratiba iifikayo.

Sababu ya mafungamano haya yote, kwa rai yangu, imo katika nafsi ya msafiri. Mtu aliyeko kwake amezungukwa na jirani, mlango wake na sauti za watoto, wala mzuka wa kitabuni hapati nafasi ya kuketi. Bali aliyeko njiani amekwisha kuachana na vyote vimlindavyo, amelala kati ya watu asiowajua, na kila mlio wa chuma usiku humfanya atege sikio. Hofu aliyonayo haina jina. Riwaya nzuri huipa hofu hiyo jina na umbo, kisha huifikisha mwisho wake, naye msomaji hushuka asubuhi akiwa amechoka mwili lakini moyo wake ni mwepesi.

Kuhusu kununua, nina wasia mfupi kwa wale wanaochagua vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia katika miji yetu, mahali ambapo riwaya za namna hii hupatikana kwa bei ya sahani ya wali. Usilitazame jalada, kwa maana picha ya fuvu huwekwa hata penye hadithi dhaifu. Soma ukurasa wa kwanza na ukurasa mwingine wa katikati ukiwa umesimama hapo hapo, na muuzaji mwungwana hatakukataza. Kisha hakikisha kurasa za mwisho zimo, kwani hakuna dhuluma kubwa kuliko kumfuata muuaji au jini usiku kucha mpaka Morogoro au Voi, halafu ukakuta kwamba karatasi zenye jawabu zilinyofolewa zamani.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Kiswahili si maskini wa maajabu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani ambayo wajumbe wake sita walitumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, nao kila waliporejea na elimu walilipwa kifungo. Na mwaka 1952 akatupa Adili na Nduguze, yenye safari ya baharini, hiana ya ndugu, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, jini, na wanadamu waliogeuzwa manyani. Vyote viwili ni vitabu vya wasafiri kwa kila hali, vifupi vya kutosha kumalizwa kabla ya kufika, na lugha yake ni fasaha kuliko tafsiri yoyote. Walakini tumevifungia darasani, tukavifanya vya kujibia mitihani, na mtu akimaliza shule havigusi tena. Ukienda stesheni au bandarini kuvitafuta, aghalabu utaoneshwa magazeti, vitabu vya namna ya kutajirika, na riwaya za kigeni.

Reli mpya ya Mombasa na Nairobi imekuwa ikichukua abiria tangu mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Maelfu ya watu huketi humo kwa saa kadhaa, mikono mitupu. Nawasihi wachapishaji wetu wazitoe upya riwaya hizi kwa umbo dogo la kuingia mfukoni na bei ya abiria, wawatafute na vijana wanaotunga hekaya mpya za kutisha, na mashirika ya reli na ya boti yawape wauza vitabu kibanda kimoja tu katika kila kituo kikubwa, karibu na mlango wa kupandia, mahali ambapo abiria hawezi kupita bila kukiona.