Vyumba vya Kujenga na Vyumba vya Kuacha

Mwendee mchora ramani yeyote Dar es Salaam, mwambie unataka nyumba ya kawaida ya familia. Atakuchorea kitu kilekile: vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule, chumba cha kulia chakula, jiko, stoo, choo cha wote na kibaraza mbele. Boma likifika kwenye linta na mfuko ukaanza kulia, fundi atakushauri upunguze, na vya kwanza kufutwa huwa ni stoo na kibaraza. Chumba cha kulia kinabaki. Masta haiguswi, na pengine inaongezwa ya pili. Kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wetu tunapotupa pesa. Tunafuta vyumba vya bei rahisi tunavyovitumia kila siku, tunabakiza vya bei ghali tunavyovipita tu.

Hivi vyumba vilifikaje nyumbani kwetu? Swali hili lina faida kwa mnunuzi, kwa sababu kila chumba kilizaliwa kutatua shida fulani. Kama shida hiyo huna, unalipia historia ya mtu mwingine.

Chukua nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18. Mgeni wa kawaida aliishia daka, kibaraza chenye mabenchi ya mawe mlangoni. Aliyestahili kulala alipewa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na makazi ya familia, ili aingie na kutoka bila kuwasumbua walio ndani. Familia yenyewe iliishi kwenye misana, vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana kimoja nyuma ya kingine hadi kufika ndani kabisa. Upana wake haukuamuliwa na utajiri. Uliamuliwa na boriti za mikoko, kwa sababu boriti ndefu kupita mita tatu hivi ingepinda chini ya uzito wa dari la mawe na chokaa. Tajiri alijivunia urefu wa chumba na zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani, si upana. Na humo kwenye msana watu walilala, walikula, walishona, walizungumza. Hakukuwa na chumba cha kulia. Mkeka ulitandikwa, sinia likaja, watu wakala, mkeka ukakunjwa.

Choo, kwa upande mwingine, kilikuwa ndani tangu zamani. Nyumba za magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, ambazo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuzichimbua 1948, zina vyoo vyake, na za Lamu zilikuwa na birika la maji humohumo, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Anayedhani masta ni ulimbukeni wa juzi akatazame magofu. Ulimbukeni nao upo tangu enzi hizo: Husuni Kubwa kule Kilwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, na waliolichimbua waliona dalili kwamba ujenzi wake haukukamilika. Boma lisiloisha si jambo la Goba na Chanika peke yake.

Baadaye ikaja nyumba tunayoiita ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Ilifaa kiasi kwamba hata Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilipobomoa vibanda vya mjini lilijenga nyingi kwa mpangilio huohuo. Kila chumba kati ya vile sita kingeweza kuwa cha kulala leo, duka kesho, cha mpangaji mwezi ujao. Jina la chumba lilitegemea aliyekuwa na ufunguo.

Chumba cha kulia kilikuja kwa njia nyingine kabisa. Kililetwa na nyumba za maofisa wa kikoloni, zile za Oysterbay na mfano wake, ambako mpishi alipika kwenye jiko la nje na kuleta sahani mezani, na mwenye nyumba alikula kwa saa maalumu akiwa amevaa viatu. Chumba kile kilihitaji mtu wa kupakua na mtu wa kupakuliwa. Serikali huru ikazirithi zile nyumba, wakubwa wakahamia, na sisi wengine tukaiga ramani bila kumrithi mpishi.

Sasa tupige hesabu. Tofali la kawaida la saruji lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, hivyo mita moja ya mraba ya ukuta inakula karibu matofali 10. Tuchukulie tofali moja ni shilingi 1,500, bei ya kukokotolea tu. Bei ya mtaani kwako iulize mwenyewe, maana ya Mbezi si ya Mbeya.

Chumba cha kulia cha mita 3 kwa 3.5 kinaongeza walau kuta mbili, moja ya mita 3 na nyingine ya 3.5, zote za kimo cha mita 3. Ukitoa dirisha, unabaki na mita za mraba 17 na ushee, yaani matofali kama 175, shilingi 262,500. Hapo watu hupumua, kumbe tofali ndiyo sehemu ndogo. Kuna msingi wake, jamvi, plasta pande mbili, rangi, dari, marumaru, dirisha la alumini na nondo zake, na bati juu. Kama nyumba yote ni mita za mraba 105, chumba hicho kimechukua sehemu moja kati ya kumi. Nyumba ikikadiriwa shilingi milioni 60, sehemu ya kumi ni milioni 6. Punguza kidogo kwa kuwa chumba kikavu ni rahisi kuliko choo au jiko. Bado unaongelea milioni kadhaa zilizolala chini ya meza.

Meza yenyewe inafanya nini? Ingia nyumba nyingi saa tatu usiku: watoto wanakula sebuleni mbele ya televisheni, baba anakula kwenye kochi na stuli, mama anamalizia jikoni. Mezani kuna nguo zinazosubiri pasi, mabegi ya shule na kile kitambaa kizuri kilichofunikwa nailoni. Meza inafanya kazi Idi na Krismasi. Kwa siku hizo chache, meza ya watu sita iliyosogezwa kwenye kona ya sebule inatosha, na ukuta unaobaki bila kujengwa unaipa sebule hewa na mwanga. Ukimweleza fundi hivyo atakujibu, “Bosi, mpangaji akija ataiuliza dainingi.” Kama unajenga ya kupangisha, msikilize. Kama unajenga ya kuishi, mpangaji ni wewe.

Stoo ni kinyume chake. Ya mita 1.5 kwa 2 inahitaji kuta mbili fupi za ndani, matofali kama 90 ukitoa mlango, haidai marumaru wala dari, na dirisha lake ni tundu la hewa. Ukiifuta, gunia la mchele, jembe, ndoo za ubatizo wa nani sijui, sanduku la bibi na feni mbovu isiyotupwa havitatoweka. Vitahamia chumba cha tatu cha kulala. Mwaka wa pili mlango wa chumba hicho haufunguki vizuri. Kwa hiyo umejenga stoo hatimaye, ila ya mita za mraba 9, yenye dirisha la alumini na taa ya kuning’inia. Angalizo moja: mtungi wa gesi wa akiba usiuweke humo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, na stoo haina pa kuitolea huko chini.

Kibaraza cha mita 4 kwa 1.5 ni nguzo mbili, jamvi na bati lililosogezwa mbele. Hakina ukuta. Umeme ukikatika mwezi wa pili, nyumba nzima inahamia pale. Mtu wa maji, mjumbe, jirani mwenye neno fupi, wote wanaishia pale bila wewe kukimbia kuficha vyombo sebuleni. Kazi ni ileile ya daka la Lamu, na kwa kila mita ya mraba sidhani kama kuna sehemu ya nyumba inayokulipa zaidi.

Vyumba vya kulala havina ubishi mkubwa, ila pima kabla ya kuamini neno “kikubwa”. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikiwekwa kitanda cha futi 6 kwa 6, ambacho ni mita 1.83 kila upande, kinabakiza mita 1.17. Weka kabati la kina cha sentimita 60 upande huo, umebakiwa na sentimita 57 za kupita, tena kwa ubavu. Kwa kitanda cha futi 6, mita 3.5 kwa 3.5 ndiyo inaanza kuwa raha. Kwa cha futi 5, mita 3 zinatosha. Watu hununua kitanda baada ya nyumba kuisha, ndipo wanapojua.

Sasa vyoo, ambako pesa huvuja kwelikweli. Mita ya mraba ya choo ni ghali kuliko ya chumba chochote: bakuli, sinki, shawa, mabomba ya kuingiza na ya kutoa, marumaru sakafuni na ukutani, chemba nje, na fundi bomba ambaye si fundi ujenzi. Masta ya pili ni seti nzima hiyo kwa ajili ya watu wawili. Kwa pesa hiyohiyo, au pungufu, gawanya choo cha wote kuwa viwili: choo upande mmoja, bafu upande wa pili, kila kimoja na mlango wake. Asubuhi ya shule mtoto mmoja anaoga, mwingine yuko chooni, na hakuna anayegongewa mlango. Nyumba ya Kiswahili ilivitenga hivyo uani. Mwambie pia mchora ramani choo cha masta kigusane mgongo na choo cha wote, na jiko lisiwe mbali. Mabomba yatafuata njia moja na chemba zitapungua. Na kama mtaa wenu una mgawo wa maji, kumbuka kila kuflashi ni lita 6 hadi 9. Kila choo unachoongeza kinaongeza tangi pia.

Jiko linategemea unachopikia. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia mwishoni mwake. Lakini maharage ya kwetu mengi bado yanaiva kwa mkaa. Kama nawe unapikia mkaa, jenga jiko la ndani dogo la gesi, mita 2.5 kwa 3, na kibanda cha bati uani kwa ajili ya mkaa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na huua watu usingizini. Jiko kubwa la makabati, lisilo na pa kupikia maharage, litakuwa chumba cha kulia cha pili.

Kodi ya jengo isikutishe. Tangu 2021 inakatwa kidogokidogo kupitia LUKU, na nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa haihesabiwi vyumba. Ghorofa ndilo linalolipiwa zaidi.

Kwa anayepanga, hesabu inageuka. Tuseme chumba kimoja cha mita za mraba 9 kwenye nyumba ya Kiswahili ni shilingi 70,000 kwa mwezi, na chumba na sebule yenye jiko na choo ndani, mita za mraba 30, ni 210,000. Ukigawa, cha kwanza unalipa kama 7,800 kwa mita, cha pili 7,000. Kumbe cha rahisi ndicho ghali? Hapana, kwa sababu cha kwanza kinakuja na ua wa kufulia na kuanikia, baraza na ukumbi ambavyo havimo kwenye zile mita 9. Ghorofani huna uani. Kaya 644 za Magomeni Kota zilijengewa maghorofa yaliyozinduliwa 2022, na kwa yeyote anayehama hivyo, kazi zote za uani lazima ziingie ndani au kwenye kibalkoni. Gharama ya nyumba ya Kiswahili imejificha kwingine: LUKU moja kwa wapangaji sita, na ugomvi wa nani ana friji. Na ukilipa miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali, pesa ya kuanzia ni 490,000 dhidi ya 1,470,000.

Kwa kijana asiye na friji, anayeshinda kazini, nashauri chumba kimoja chenye uani safi, na ile tofauti aiweke kwenye kiwanja. Mwenye mtoto mchanga alipie choo cha ndani, asijibane. Na anayejenga afute chumba cha kulia kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa. Kukifuta baada ya boma kusimama ni kulipa fundi mara mbili.